Punje ya Tatu

Nikimkumbuka Mpimaji, namwona kwanza akiwa amefumba macho. Amesimama mlangoni pa stoo pale Rongai ya upande wa Nakuru, gambuti miguuni, aproni ya kijani kiunoni. Mkulima yuko mbele yake, ameshika kofia mkononi kama mtu anayesomewa kesi. Mpimaji ametia punje ya hindi kati ya meno ya mbele, amefumba macho, anauma. Malori yanaunguruma kule barabarani, lakini hapo mlangoni kila mtu amenyamaza. Halafu anafumbua macho na kusema neno. "Yapite." Au, "Yarudi juani." Na mara nyingi, mara nyingi kuliko tulivyopenda, alisema, "Sijui bado."

Naandika habari zake kwa sababu nilikula naye chakula cha mchana kwa miaka tisa. Pia kuna jambo nililijua juu yake nikanyamaza, na huenda kunyamaza kwangu kulimuua mtoto. Huenda. Hilo neno ndilo linaloniharibia usingizi. Ningejua kwa hakika, iwe hivi ama vile, ningekuwa nimeshalia nikamaliza.

Jina lake sitalitaja, na kusema kweli halikuwa na kazi. Wakulima walimwita mathe wa kupima, yaani mama wa kupima. Mwenye stoo alimwita Mpimaji, hata akiwa anamwombea kwenye harambee ya kanisa. Alizaliwa wapi, ni wa nani, alikujaje Rongai, hayo sikumwuliza. Kwetu huku mkianza kuulizana mambo ya nani alitoka wapi na alikuja lini, mazungumzo hayaishi vizuri, na wote tunajua kwa nini, watu walishachomeana nyumba kwa hayo. Nilimkuta hapo na nikamwacha hivyo hivyo.

Kwa asiyeijua kazi yetu, ni hivi. Stoo hununua mahindi ya wakulima wakati wa mavuno, huyakusanya, kisha huyapakia kwenye malori kupelekwa kwa wenye mashine za unga, na kwa shule zilizo kule bondeni kwenye joto ambako mvua ni ya kubahatisha. Hindi likiingia stoo na unyevu, linashika kuvu. Kuvu inaleta sumu. Hiyo sumu huioni, haina ladha ya kumshtua mtu anayekula, na uchemshe kutwa nzima haitoki. Inakwenda kwenye ini. Ikiwa kidogo inachukua miaka, ikiwa nyingi inachukua siku. Kwa hiyo mtu anayesimama mlangoni na kusema "Yapite" amebeba watu asiowaona, na Mpimaji alilijua hilo kuliko sisi wote.

Alichukua punje tatu kutoka kila gunia. Alitoboa gunia kwa kile chuma kirefu chenye mfereji, akakichomoa, punje zikamwagika kiganjani, akachagua tatu. Ya kwanza aliiuma kwa meno ya mbele, asikie inavyokatika. Ya pili aliipeleka nyuma kwenye magego, akaisaga pole pole, akauacha unga wake ulimini. Ya tatu aliitia mfukoni mwa aproni. Ikifika jioni mfuko umejaa, na hizo ndizo alizokwenda kuchemsha na maharagwe nyumbani kwake, na kesho yake akaja na githeri kwenye hotpoti tukala wawili. Alisema hawezi kupitisha kitu ambacho yeye mwenyewe hajala. Watu walicheka, wakasema mathe anajua kujitafutia mboga. Mimi nilikula bila kufikiri, maana githeri ilikuwa tamu na mimi nilikuwa na njaa.

Mwenye stoo alinunua mashine ya kupima unyevu mwaka wangu wa pili. Ndogo tu, unajaza kikombe, unabonyeza, namba inatokea. Mpimaji hakugombana nayo. Aliacha ipime kwanza, akasoma namba, akatingisha kichwa kwa heshima, halafu akachukua punje zake tatu. Mwenye stoo alimwuliza siku moja, kwa upole, kwani hii mashine haitoshi? Akamjibu, "Mashine inajua leo. Mimi nataka kujua jana."

Nilichukua muda kumwelewa. Hindi lililonyeshewa shambani, likakaa na maji wiki mbili, kisha likaanikwa kando ya lami mpaka likakauka, mashine italiona ni kavu na itasema kweli. Lakini kuvu ilishapita na sumu ilishabaki. Yeye alidai meno yanaisikia hiyo safari. Hindi lililolowa likakauka linakatika kwa kulegea kidogo katikati, na unga wake unaacha kitu kama uchungu pembeni mwa ulimi. Nilijaribu miaka miwili kabla sijakisikia hicho kitu. Siku niliyokisikia nilimwambia, naye akanipa punje nyingine nne mfululizo, nikakosea mbili, akasema vizuri, sasa umeanza kujua vile hujui.

Magunia ya "sijui bado" yalikuwa na mahali pake, kona ya kushoto nyuma ya mlango. Tuliiita kona ya sijui. Gunia liliweza kukaa hapo siku tatu, wiki, mkulima akija kila asubuhi kuuliza kama mtu mwenye mgonjwa wodini. Mpimaji alilifungua, akanusa, akauma, akatikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa ya soda aone kama chumvi inavuta unyevu na kushika kwenye kioo, akalifunga tena. Mwenye stoo alichukia ile kona. Wakulima waliichukia zaidi. Kuna mzee mmoja alimwambia mbele yetu wote kwamba mwanamke asiyejua anachokitaka asisimame mlangoni pa watu. Mpimaji akamwambia anajua anachokitaka, asichokijua ni mahindi yake.

Mimi niliwekwa kwenye kona hiyo hiyo, na si mfano nasema. Nilifika Rongai nikiwa nimetoroka chuo cha ualimu bila kumwambia mtu nyumbani. Sikuwa mjamzito, sikuwa nimefukuzwa, nilikuwa tu nimeamka asubuhi moja nikaona siwezi kusimama mbele ya watoto nikawaambia vitu kana kwamba mimi navijua. Nilipata kibarua cha kushona midomo ya magunia. Siku ya kwanza Mpimaji aliniuliza nataka nini maishani, swali la kuudhi kumwuliza mtu mwenye sindano kubwa mkononi. Nikamjibu kwa ukali kwamba sijui. Wala hakukasirika. Akanionyesha kona. "Basi kaa pale na wenzako," akasema, na watu wa stoo wakacheka mpaka nikaona aibu. Lakini ndipo nilipokaa na kushona kwa miaka yote, na ukweli usemwe, hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo kutojua kwangu hakukumsumbua mtu.

Hilo neno "sijui" alilipenda kwa namna ya kuchekesha. Ukimsalimia asubuhi, mathe habari ya leo, anasema sijui bado, siku haijaisha. Hakusema kesho bila kuongeza "kama". Kanisani alisimama kwenye kwaya ya akina mama, sauti yake ya pili nzuri ajabu, lakini wimbo ukifika mahali pa kutamka "najua" alifunga mdomo mpaka neno lipite, kisha akaendelea na wenzake. Mke wa mchungaji alimwita kumwuliza. Akamwambia Mungu hakasiriki mtu akinyamaza, anakasirika mtu akidanganya kwa sauti nzuri. Walimwacha.

Hata hivyo si mtu wa kumweka kwenye fremu. Alikuwa na maringo. Alibeba kioo kidogo mfukoni, mle mle na punje, na kabla ya kutoka stoo alijipangusa vumbi la mahindi usoni kama bibi harusi. Alikuwa na wivu wa kazi. Nilipoanza kuuma punje na kupatia, alifurahi juma moja, juma la pili akawa ananituma dukani kila lori likifika. Alicheka na mkono mdomoni. Maji yetu ya visima yana kitu kinachotia meno rangi ya chai, na wengi wetu tuliokunywa hayo maji tangu utotoni tunayo hivyo, na hatujali. Yeye alijali. Meno yake yalikuwa ya kahawia na imara kama kokoto, yalimlisha na kumpa jina, na aliyaonea haya.

Jumamosi alasiri alipanda gari kwenda Salgaa. Sisi wengine tunapita Salgaa tukiwa tumeshikilia viti kwa sababu ya ule mteremko unaoua watu, yeye alikwenda kwa raha zake. Aliingia hoteli za madereva wa malori, akaagiza chai, akakaa na wanaume wa kutoka kila mahali. Wasiomjua walidhani anatafuta mume. Alichokitafuta ni habari. Mlishusha wapi yale mahindi? Nani aliyapokea? Yalipikwa? Walisema nini? Dereva akimwambia watoto wa shule fulani walikula wakaongeza, alirudi Rongai akiwa amenyooka mgongo. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko bondeni. Alitaka tu kujua yanaishia wapi.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Fizi zilianza kumuuma. Alificha, akawa anatafuna upande mmoja, shavu likivimba anasema ni baridi. Kisha akaomba ruhusa ya wiki mbili, akatuambia ni matanga. Akarudi na meno meupe. Meupe pe, juu na chini, yamepangwa vizuri. Sijui aliweka akiba ya miaka mingapi. Tulimshangilia. Wanawake wa kwaya walimtania kwamba sasa atapata mchumba, na yeye akacheka bila mkono mdomoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mwenye stoo akanunua soda za wote. Wakulima wakamsifu. Nilimkumbatia mimi mwenyewe nikamwambia amependeza.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Stoo nzima ilisimama juu ya meno ya mwanamke mmoja, meno yale yakang'olewa yakatupwa kwenye ndoo ya daktari mjini Nakuru, na sisi tukanywa soda. Nikikumbuka nataka kujipiga kofi. Lakini kwetu mtu akifanikiwa kupata kitu kizuri humwulizi kama bado anaweza kazi. Ni utovu wa adabu, utaonekana una wivu.

Mimi niligundua baada ya mwezi, na kilichonifumbua ni macho yake. Hakufumba tena. Alitia punje mdomoni, akauma, macho yakiwa wazi, kisha akaitoa na kuitazama. Akamtazama mkulima usoni. Akatazama namba ya mashine. Mtu anayesikia hana haja ya kutazama. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikaweka punje kati ya vijiko viwili nikazibana, nikawaza, hivi ndivyo anavyouma sasa. Kijiko hakisikii kitu.

La pili lilikuwa ile kona. Ilianza kupungua magunia. Tulikuwa na ishirini, yakawa kumi, yakawa matatu, halafu asubuhi moja nikafika nikakuta nashona peke yangu, sakafu tupu, hata vumbi limefagiliwa. Mpimaji alikuwa na hakika juu ya kila kitu. Yapite, yarudi, yapite, yapite. Wakulima walifurahi, malori hayakungoja, mwenye stoo akasema miaka hii mathe amekuwa mwepesi kweli. Mimi nilikaa pale kwenye kona tupu nikiogopa, na sikuweza kumwambia mtu naogopa nini.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa kukatika. Ilinyesha mavuno yote. Watu walikata mahindi wakayasimamisha shambani yakaota yakiwa kwenye magunzi. Kila penye lami palikuwa na turubai na mahindi juu yake, gari likipita linarusha maji. Siku moja alikuja kijana kutoka huko juu kwenye baridi, baba yake amelazwa, na pikapu imerudi mara tatu kuleta mzigo wote. Mashine ikasema kavu. Mimi nilikuwa nafungua midomo ya magunia ili nishone upya, na gunia la nne likanitolea harufu puani. Harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Kidogo tu, kisha ikapotea. Nikauma punje moja kwa siri. Ikakatika kwa kulegea.

Mpimaji akauma yake, macho wazi. Akaitazama. Akamtazama yule kijana, ambaye alikuwa amelowa na anatetemeka. "Yapite," akasema.

Nilisimama na sindano mkononi. Nikasema, "Mathe, haya tusiyaweke kwenye kona kidogo?"

Akageuka. Sijasahau vile alivyonitazama, hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyesikia mlango umegongwa. Akaniuliza, "Wewe umeona nini?"

Stoo nzima ilikuwa inanitazama. Mwenye stoo alikuwepo, yule kijana alikuwepo, wapakiaji walikuwa wameketi juu ya magunia wakingoja. Kama ningesema nilichokiona, ningesema meno yake, mbele ya wote, na ningemmaliza. Mtu aliyenipokea nikiwa si kitu. Nikasema, "Sijaona kitu."

"Basi shona," akasema.

Nikashona. Lori lilishuka bondeni kesho yake, kwa shule moja ambayo sitaitaja, yenye bweni na watoto wa wafugaji ambao mara nyingine chakula cha shule ndicho chao pekee. Baada ya majuma kadhaa dereva akarudi na habari. Watoto walishikwa na matumbo, wengine macho yakawa ya njano, wakapelekwa hospitali. Msichana wa darasa la nne hakurudi. Walisema ni maji ya bwawa. Maofisa walikuja wakalifunga bwawa kwa seng'enge. Mahindi hakuna aliyeyauliza, na hata wangeuliza, yalikuwa yameshaliwa yote.

Labda ni maji kweli. Bwawa lenyewe, dereva alisema, ng'ombe wanaingia humo humo. Siku ya Jumapili naamini ni maji, natoka kanisani nimetulia. Ikifika Jumatano nikishika sindano siamini tena. Sijawahi kupata juma ambalo niliamini jambo moja mpaka mwisho.

Mpimaji alikuwepo siku ile dereva alipoleta habari. Aliuliza mara moja, ni msichana wa darasa la ngapi, akaambiwa, akaenda kunawa mikono. Lakini Jumamosi hiyo hakwenda Salgaa, wala Jumamosi nyingine yoyote baadaye. Na akabadilisha jambo moja ambalo wakati huo niliona ni ubahili. Akaacha kula na mimi. Alianza kuniletea chapati kwenye mfuko, ama viazi, akasema nimeshakinai githeri, nile kitu kingine. Githeri yake, ile ya punje za mfukoni, alikula peke yake nyuma ya stoo akiwa ametupa mgongo. Alikula yote. Aliendelea hivyo miaka mitatu, na mimi nikala chapati zake nikinung'unika moyoni kwamba mathe ameanza uchoyo uzeeni.

Mwaka jana alianguka mlangoni. Macho yalikuwa na rangi ya njano. Binti yake, anayefanya kazi ya ofisi mjini na anaishi Milimani, akaja na gari akamchukua, na mwenye stoo akanipa mimi aproni. Hakuniuliza kama naweza. Aliniona nikiuma punje miaka mingi, ikamtosha. Nikarudisha kona ya sijui, ikajaa, akaanza kuguna. Nami nikaanza kugundua kitu cha kutisha kuhusu hiyo kazi, kwamba hata mwenye meno yake yote husikia wazi siku chache tu. Siku nyingine unauma na huambiwi chochote, na watu bado wamesimama wanakutazama mdomo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwona. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, mijakaranda imemwaga maua barabarani kote na walinzi wanafagia mbele ya mageti. Binti yake alinifungulia, akaniambia pale pale getini kwamba madaktari wanasema ni ini, na limefika mbali. Hakuna aliyesema limetokana na nini, mama hajawahi kuonja pombe. Akaniomba nikae naye kidogo akimbie duka la dawa.

Mpimaji alikuwa kwenye veranda, amefunikwa blanketi katika joto lile. Uso ulikuwa umekuwa mdogo. Meno ameyatoa, yamo kwenye kikombe juu ya kimeza. Nilimwamkia, akanishika mkono akaupima uzito, na bila hata kuniuliza habari ya nyumbani akaniuliza wiki hii tumepakia nini.

Nikamwambia lori moja, limetoka stoo asubuhi.

"Linakwenda wapi?"

Nilitamani kudanganya. Nikamwambia, bondeni, ile shule ile.

Akauliza kama ni mimi nimepitisha. Nikasema ndiyo, mashine ilisoma vizuri. Akasema hakuniuliza mashine. Basi nikamwambia yote. Kwamba mzigo ule ulikuwa na siku nane kwenye kona. Kwamba niliuma asubuhi na jioni na sikusikia kitu, si uzuri wala ubaya. Kwamba mwalimu mkuu alipiga simu mara mbili, watoto wameanza kula mara moja kwa siku, na mwenye stoo alisimama nyuma yangu akipumua. Nikasema yapite, kwa sababu nilichoka kusema sijui.

Akafumba macho. Nikadhani amesinzia. Kisha akasema, bila meno, maneno yakitoka laini, "Siku ile nilikuuliza umeona nini."

Nikajibu ndiyo.

"Nilijua umeona. Nilikuwa nakungoja useme. Nilikungoja siku ile, nikakungoja miaka yote baadaye."

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwuliza kwa nini hakusema yeye mwenyewe, mtu mzima, mwenye kazi yake, kwa nini aniachie mimi mshona magunia. Akatazama mikono yake.

"Ukinitoa pale mlangoni," akasema, "mimi ni nani? Sikujua. Niliogopa kukaa nyumbani nigundue." Halafu akaniuliza, "Na wewe uliogopa nini?"

"Nilikuogopa wewe," nikamwambia, na machozi yakanitoka, kwa sababu ndiyo kweli yote, hakuna nyingine iliyofichika chini yake. Tulipendana tukaheshimiana, na katika heshima hiyo gunia likapita.

Akanionyesha simu yangu kwa kidevu. Nikampigia mwenye stoo pale pale. Nikamwambia arudishe lori. Akasema dereva bado yuko Salgaa anabadilisha tairi, lakini arudi kwa nini, kuna nini? Nikamwambia mzigo uende kupimwa sumu mjini kwenye maabara kabla haujafika kwa watoto. Akaniuliza kama nina uhakika mahindi ni mabaya. Nikasema sina. Akaniuliza kama nina uhakika ni mazuri. Nikasema sina. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka na si mtu mbaya, kama nina habari kwamba wale watoto Jumatatu hawana kitu cha kuweka kwenye sufuria?

"Najua hilo," nikasema. "Hilo tu ndilo ninalolijua. Yarudishe. Na wapelekee yale ya mwezi wa pili, ya wakati wa jua, yaliyobaki."

Akasema hayo yana mwenyewe, ameshayauzia wengine. Nikasema nitamwambia kila mtu, nianze na mwalimu mkuu, na habari ya kwanza iwe lile lori la mwaka wa mvua. Hapo akakata simu. Nikaiweka yangu mapajani. Ilipolia ilikuwa ujumbe. Amelirudisha, ya mwezi wa pili yatakwenda kesho, na mimi nibaki nyumbani, nisikanyage tena stoo yake.

Mpimaji akauliza amesema nini. Nikamsomea, hadi hapo kwenye kubaki nyumbani. Akatikisa kichwa taratibu. Nilifikiri ataniambia pole, ama nimefanya vizuri, na nilitaka sana aniambie. Macho yake ya njano yalikuwa yananitazama kama yalivyomtazama yule kijana aliyelowa.

"Na lile lingine?" akauliza.

Lile lingine haliwezi kurudishwa, na alijua haliwezi. Nikamwambia kwa kuwa sasa sina kazi, Jumatatu nitashuka bondeni, nimtafute mama wa yule msichana, nimweleze kuhusu mahindi, hata kama ni maji. Nikamwambia aibu yangu ni kwamba mpaka leo sijui hata aliitwa nani.

"Hata mimi," akasema Mpimaji. Akajaribu kukaa wima, nikamsaidia, na uzito wake haukuwa kitu mikononi mwangu. "Ukiambiwa jina lake, usingoje Jumamosi. Njoo siku hiyo hiyo."